Habari Ziwafikie

Saa moja kamili asubuhi niliisoma taarifa
kama ilivyoletwa: karatasi moja, mhuri, aya tatu.
Wahamiaji haramu thelathini na wawili
wamekamatwa Himo ndani ya lori la vitunguu.
Mmoja amefariki dunia.
Sekunde thelathini na tano. Kisha tangazo la mabati.

Sikukwama popote. Sauti yangu inasifiwa hapa Moshi,
wauza ndizi wa Mbuyuni husema haitetereki.
Neno haramu lilinipita mdomoni
kama maji ya kusukutulia.

Kwa bibi yangu, Njoro, haramu ilikuwa nguruwe,
riba, na mali ya yatima.
Mara moja tu ilimwangukia mtu, mtoto wa jirani,
na aliyeitamka alikula kofi la bibi
kabla hajafunga mdomo.

Saa mbili kasorobo, matangazo ya vifo.
Hapo hatuna haraka; kila neno limelipiwa.
Familia ya Mzee Ndelilio wa Uru inasikitika...
habari ziwafikie Ndetaulwa wa Tarakea,
wakwe zake wa Same, wajukuu walioko Boma Ng'ombe,
kwaya ya akina mama, na yule kinyozi wa stendi
(ndiyo, kinyozi, waliandika hivyo)
popote pale walipo.
Marehemu mmoja, na nilimsomea watu
hadi Eliaringa, fundi mitambo, akanigongea kioo.

Mchana nilikwenda Mawenzi. Sikutumwa.
Daftari la maiti lilisema: mwanamume, hajulikani.
Wodini kijana mmoja alitundikiwa dripu,
askari akisinzia kando, kofia pajani.
Kiswahili cha kijana kilikuwa maneno matatu:
maji, haraka, kimya.
Nilijua aliyemfundisha hakuwa mwalimu.
Nilimpa kalamu. Aliandika taratibu,
kama mtu anayeshona:
Wondimu Erjabo. Hosaena.
Chini yake, baada ya kupumzika: Amarech.
Akanionyesha kimo cha mtoto wa kike kwa kiganja,
kisha akakipandisha kidogo,
kama aliyekumbuka kwamba miaka imepita.

Barabara ile naijua. Desemba hujaa
magari kutoka Dar, mizigo hadi juu ya keria,
na sisi studioni huchangamka:
wenyeji wanarejea, karibuni nyumbani!
Hao ni abiria. Wengine husimama safari nzima,
wamelipa nauli mara mbili,
na hakuna aliyewahi kuniletea
karatasi yenye mhuri juu yao.

Dirishani karani alihesabu maneno yangu kwa ncha ya kalamu.
"Wewe nani yake?"
Fomu ilitaka uhusiano. Nikaandika: msomaji.
Elfu kumi na mbili. Akanikatia risiti bila kuniangalia.

Kesho yake, baada ya marehemu wa Kibosho na mama wa Rau,
Wondimu Erjabo wa Hosaena amefariki dunia safarini.
Habari zimfikie Amarech, dada yake,
popote pale alipo.
Nayajua masafa yetu. Yakivuka Same ni bahati,
Holili hukoroma tu.
Nilisoma hata hivyo, polepole,
kila herufi na pumzi yake.

Simu ikalia. Mama wa Kiboriloni, muuza mitumba:
"Mazishi saa ngapi? Nina shuka jipya."
Sikuwa na saa ya kumpa.

Saa nne taarifa ikarudi, imepigwa mhuri upya.
Waliobaki thelathini na mmoja watafikishwa mahakamani.
Nikasoma: wahamiaji
na nikanyamaza urefu wa neno lile.
Eliaringa aliruka kitini, akashika waya,
akidhani tumekatika hewani.