Bado Tano

Tulikubaliana nyuma ya ghala la chama cha msingi,
mimi, Mandanje mwandaaji, na Mzee Hokororo
aliyekalia gunia la daraja la pili
akijifunga goti kwa kipande cha khanga ya marehemu mkewe.
Dakika ya kumi na mbili, akasema Mandanje.
Radi anaanguka. Mkanda unakwenda kwa Mjapani.
Nikauliza, na malipo yangu?
Hokororo hakuuliza kitu. Alimalizia fundo.

Jina la Mjapani alilipata kabla sijazaliwa,
alipomshikia fito mpima barabara wa kutoka Japani,
mtu mfupi wa miwani, mla ming'oko kwa chumvi,
ambaye mvua ikizuia kazi alimfundisha mieleka.
Miezi mitatu hakumwonyesha namna ya kumwangusha mtu.
Alimfundisha kuanguka:
kidevu kifuani, pumzi nje,
mkono uchape chini kabla ya mgongo.
Ardhi si adui, alimwambia. Salimia kwanza.
Barabara iliishia kwenye michoro.

Basi miaka thelathini Hokororo akaisalimia ardhi
ya Nachingwea, ya Newala, ya Tandahimba, ya Ndanda,
akiangushwa na vijana ambao leo
wengine wana vitambi, wengine wana makaburi.
Mkanda aliushika kila msimu:
aliutoa sandukuni, akaupiga brashi,
akamkabidhi mshindi.

Usiku ule pesa za korosho zilikuwa zimetoka.
Masasi nzima noti mfukoni, uraka kichwani.
Ulingo wetu chaga za ghalani, magodoro sita,
na turubai lililonuka mafuta ya maganda.
Wasio na kiingilio walipanda juu ya Fuso.
Nilizomewa hadi nikaridhika, ndiyo kazi yangu.
Bi Somoe muuza mabibo akanirushia bibo bovu la kichwa:
Mwache baba wa watu!
Nikamlamba shavu mzee kwa kofi la sauti kubwa
lisilouma. Wakalia kwa hasira.

Dakika ya saba goti lake likagoma.
Hilo hatukulipanga.
Nililisikia, mlio wa korosho inayobanguliwa.
Nikamnong'oneza, Mzee, tumalize sasa hivi.
Akahema shingoni mwangu. Akasema, Bado tano.

Sasa nikwambie siri ya kazi hii:
anayenyanyuliwa humsaidia anayenyanyua.
Unaruka kidogo tu, watu hawaoni.
Mimi nilichelewa kuruka.
Au yeye hakuningoja.
Kilo tisini na nne, na si gunia,
gunia halina moyo unaokwenda mbio,
nikajikuta juu ya bega la mtu wa miaka hamsini na sita,
naziona taa za Mkuti, namwona Bi Somoe
bibo jingine mkononi, amesahau kulirusha.
Hakuna aliyepiga kelele. Bado.

Kidevu kifuani. Pumzi nje. Mkono.

Moja, wakahesabu wao, mwamuzi amekodoa macho.
Mbili.
Bega langu lilikuwa zima, lilijua njia ya kuinuka.
Nililiacha lilale.
Ikiwa ni kwa ajili ya makubaliano au kwa ajili yake,
msiniulize, mimi mwenyewe sijajua.
Tatu.

Mwalimu Nampoto, anayewaambia wanafunzi kila Jumatatu
kwamba mieleka ni maigizo, alilia hadi akatafuta leso.
Mkanda haukumfika mzee kiunoni,
ulikatwa kwa kipimo cha vijana.
Akafungua khanga gotini, akaunganisha ncha mbili,
akasimama mguu mmoja, maua mekundu yakimning'inia pajani,
na kelele zile, nasikia, zilivuka hadi Mkomaindo,
wagonjwa wakaketi vitandani kuuliza nani kafa.

Alfajiri nilimkuta ghalani kwenye mizani,
amekaa, gongo ubavuni.
Hakusema asante. Aliuliza,
Mkono ulichapa kabla ya mgongo?
Nikasema ndiyo.
Akasema, Nilisikia.