Mwandiko wa Mlimau

Kageha wa darasa la pili aliniletea jani la mlimau,
akalilaza juu ya madaftari:
"Mwalimu, huyu ameandika nini?"

Nikavaa miwani.
Mstari wa fedha, mwembamba kama uzi wa sindano,
ukipinda, ukirudi, ukijikwepa wenyewe,
na kadiri ulivyokwenda ulinenepa.
Katikati yake, wino mweusi: mavi yake.
(Kageha nilimwambia ni makombo.)

Hapa, nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu nyekundu,
mama yake alitaga usiku yai dogo kuliko nukta,
akaenda zake.
Mwana akatoboa, akazama
katikati ya ngozi mbili za jani
kama mtu aliyezaliwa ndani ya bahasha.
Juu dari, chini sakafu, mbele chakula.
Miguu hana. Ana mdomo tu.
Juzi ile mvua ya saa tisa,
iliyotunyamazisha sote chini ya mabati, hapa Mbale,
yeye haikumlowesha.

"Na mwisho?"
Mwisho ulikuwa ukingoni:
jani limekunjwa kidogo na kushonwa kwa hariri,
kama pindo la sare iliyonunuliwa kubwa
ili mtoto aikulie.
"Amelala humo," nikasema. "Usibonyeze."
Alikuwa ameshabonyeza, lakini polepole.

Tulilitia kwenye chupa ya jemu, kitambaa mdomoni.
Siku ya sita, usiku, nasahihisha imla kwa taa ya sola,
nikaona kwenye kioo kitu chembamba, kifupi kuliko punje ya mchele:
mbawa za fedha, manyoya ukingoni,
na kila ubawa, nchani kabisa,
nukta nyeusi.
Nukta! Baada ya sentensi ndefu vile.

Ombima, mwenye mlimau, alikwisha nunua dawa Majengo;
Jumamosi anapuliza. Ana haki, majani yake yamejikunyata yote.
Nami nikafungua kitambaa, nikafungua dirisha,
na sitamwambia.

Daftari lililofuata lilikuwa la Kageha.
Maneno yake yalianza madogo, yakashuka chini ya mstari,
yakapanda, yakanenepa hadi ukingoni,
"mbuzi" amekunjwa nusu kwa kukosa nafasi.
Nilishaandika mara tatu muhula huu: *Fuata mstari.*

Nikampa saba.
Zilikuwa tano.