Kamba za Mizinga

Karatasi imefika kwa basi kutoka Dar,
imekunjwa mara nne ndani ya bahasha ya kaki,
na jina la kaka yangu limekosewa:
Mhoja wameandika Mhoji.
Sikucheka. Nilikaa kwenye benchi la maabara, Tabora mjini,
nikaiweka chini ya taa.

Paja la kaka. Kipande kidogo kuliko punje ya mtama,
kimekuzwa na hadubini mara elfu thelathini
mpaka kikawa nchi.
Mistari, mistari, kama matuta ya tumbaku Urambo,
na kando ya kila tuta, vifuko.
Vifuko vya utando, vyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu,
vimebeba kalsiamu
kama sega linavyobeba asali.

Mama akauliza kwenye simu, "Wamesemaje?"
Nikatafuta maneno ya kazini, yakanikimbia.
Nikamwambia: Mama, kumbuka mizinga ya baba
kule porini Ipole.

Kumbuka alivyoitundika.
Mzinga haukai popote tawi linapotaka.
Una mahali pake, una upande unaotazama,
na kamba za gome la myombo, huku na huku.
Upepo wa Agosti ukija, tawi linanesa,
mzinga unayumba,
unarudi palepale.
Sasa fikiria msitu mzima unaojikunja
kila mtu anapoinua mguu,
kisha unajikunjua,
na mzinga hata mmoja usidondoke.

Ndivyo ilivyo misuli, mama. Amri inateremka toka ubongoni,
inapita kwenye vijifereji vinavyozama ndani ya seli,
inabisha hodi kwenye kifuko.
Kifuko kinafunguka, kalsiamu inamwagika,
uzi unavuta uzi, mguu unainuka.
Lakini hodi ina faida gani mlango ukiwa umehama?
Kwa hiyo kuna nyuzi nyingine, za pembeni,
zisizovuta jembe wala kuinua gunia,
zisizomwaga chochote.
Kazi yao ni kukiambia kifuko: wewe, kaa hapa.

Za Mhoja zimekatika.
Si zote. Za kutosha.
Vifuko vimeteleza, kimoja kimelala ubavu,
viwili vimeegemeana kama wanywaji wa wanzuki siku ya mnada.
Kalsiamu imo, tena tele.
Amri inafika.
Inabisha ukutani.

Mama alinyamaza hadi nikasikia kuku wake.
Kisha akasema: "Baba yako alikuwa akianza na kamba.
Anazipapasa moja moja, jua linapanda,
sisi huku chini na ndoo tunamwita mzito."

Jumamosi nilikwenda.
Mhoja amekaa kwenye kigoda, miguu ameinyoosha
kama mzigo aliowekewa na abiria aliyeshuka njiani.
Vidole bado vyake. Anasokota gome lililolowekwa,
analibana kwa kisigino cha kiganja, anasokota.
Aliyekuwa akipanda mtundu bila ngazi
na moshi begani!

"Hizo nyuzi zangu," akauliza bila kuinua macho,
"hakuna wa kuzisokota upya?"
Nikasema, bado.
Nilisema kwa ile sauti ya dirishani,
ninayowapa wageni pamoja na risiti,
na nikaona aibu.
Akakaza fundo kwa meno. Akatema kijiti.
"Basi panda wewe."

Mimi. Miaka arobaini na miwili, viatu vya mjini,
na shangazi Milembe akipita na kuni
akasimama kabisa kutazama.
Nikavua viatu.
Gome lilinikwaruza magoti yote mawili.
Kutoka tawini nikauona utosi wa kaka, na upara mdogo
ambao hakuna aliyewahi kuniambia,
na mkono wake umeinuliwa: kushoto, kushoto zaidi,
hapo.
Nikaachia mzinga polepole.
Kamba ikalia, kii,
ikanyamaza.