Jiwe la Mfongo

Kwaresima nzima nilisali sala yenye pengo.
Nilianza vizuri, nikafika kwenye mkate,
nikavuta pumzi,
kisha nikaruka hadi kwenye ufalme na nguvu
kama mtu anayeruka mfongo na mzigo wa majani ya ng'ombe:
haraka, sketi mkononi, macho mbele.
Pale katikati nilipopavuka
alikuwepo kaka yangu Anaeli.

Wanaozijua habari zetu hapa Kidia watacheka.
Mfongo wenyewe ni hatua moja tu.
Maji yake yana zamu tangu enzi za babu:
Jumanne kwangu, Jumatano kwake.
Tangu tumzike mama, Jumanne haikufika.
Jiwe lilikaa kwenye mdomo wa mfereji,
jeusi, zito, jiwe la mlimani,
masika nayo yakachelewa,
na migomba yangu ikakunja majani
kama watu wanaosali bila kuamini.

Mama, Apaikunda, alisali saa kumi na moja alfajiri
amechuchumaa mbele ya mafiga, akipuliza moto.
Utotoni nilitega sikio nijue anaomba nini.
Hakuomba kitu. Alitaja majina.
Jina, pumzi kwenye jivu. Jina, pumzi.
La Anaeli, langu,
la Ndeanasia aliyemwibia debe la kahawa,
na la mbuzi mmoja aliyekuwa mgonjwa.
Nikamuuliza: mama, na haja zako je?
Akaniambia nilete kuni.

Ijumaa Kuu nilikaa benchi la nyuma.
Anaeli aliimba besi, mbele, shingo imenyooka.
Nilihesabu vifungo vya joho lake
wakati msomaji akisoma habari za misumari.

Lakini Jumamosi, Jumamosi hakuna anayeihubiri,
nami ndiyo siku ninayoijua kuliko zote.
Mtu amekwisha zikwa.
Sufuria za watu zimerudishwa kwa majirani.
Turubai limekunjwa, limeacha nyasi za njano,
na hakuna ajuaye la kufanya na mikono yake.
Nilimenya ndizi nyingi kuliko walaji.
Nilisema, Bwana, kisha nikanyamaza,
Naye akanyamaza,
tukakaa hivyo mpaka taa ikaisha mafuta.

Saa kumi usiku tarumbeta ziliamka.
Vijana walishuka na mishumaa ndani ya chupa zilizokatwa,
Mzee Kirita na tuba lake lililobonyea,
nyumba kwa nyumba, kaburi kwa kaburi,
kuwapigia waliolala kihambani
kana kwamba wamechelewa tu kuamka.
Nikavaa viatu vya sikukuu, nikatoka kuwafuata.
Niliwafikiria wale wanawake wa asubuhi ya kwanza,
wakiulizana njiani juu ya jiwe.
Hawakuwa na jibu.
Walikuwa na manukato na kazi ya kufanya,
basi wakaenda.

Nikasikia maji kabla sijayaona.

Mvua haikunyesha usiku ule.
Jiwe lilikuwa pembeni, juu ya nyasi,
tumbo lake bichi likitazama juu,
nyungunyungu wakiukimbia mwanga wa mishumaa.
Ng'ambo ya mfongo alisimama Anaeli,
matope hadi viwiko, joho la kwaya begani.
Alikuwa amezeeka. Sijui lini.

Nikasema: leo si zamu yangu.
Akasema: najua.

Nyuma yetu tarumbeta zilifika kwa mama,
moja ikakosea noti, ikacheka, ikaanza upya.
Kibo kilikuwa bado hakijatoka mawinguni.
Yapo mengi hatujayasema hata leo,
shamba la kahawa, lile neno la siku ya matanga.
Lakini sala yangu ilirudi yenyewe kwenye mkate,
ikavuta pumzi,
ikasogea hadi ukingoni.

Safari hii sikuruka.
Niliingia majini na viatu vyangu vya sikukuu.