Sahani Nyeupe

Kila Julai, saa nne asubuhi,
nazima injini katikati ya ghuba ya Kaarnalahti
na kuteremsha sahani upande wenye kivuli.
Sahani ya chuma, nyeupe, haijapakuliwa chakula,
imefungwa kamba yenye alama kila sentimita kumi.
Ikinipotea machoni naishika kamba,
nasoma alama, naandika.
Mkoa hunilipa mshahara
kwa kutazama kitu mpaka kisionekane.

Mwaka wa kwanza niliandika: mita tano na nusu.
Mwaka juzi: moja na nusu.
Baina ya tarakimu hizo nimezaa, nimezika,
na mkuu wangu aliwahi kuniuliza, kwa utani,
kama si macho yangu ndiyo yenye tope.
Nikaenda kupimwa. Macho mazima.

Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi huyazoa. Lita moja moja, chupa za kahawia,
lebo yenye saa na kina.
Maabara hunirudishia karatasi:
fosforasi kadhaa, naitrojeni kadhaa.
Karatasi haina harufu. Ghuba inayo.
Mwani umetanda kama kopo la rangi
lililosahauliwa bila kifuniko,
na ubao wa ufukweni umeandikwa:
MBWA NA WATOTO WASIOGE.
Mbwa ametangulia. Aliyeandika alifuga mbwa.

Tope lina anwani.
Niliupanda mto Vihta daraja kwa daraja:
la kanisani, afadhali;
la kinu cha zamani, afadhali kidogo;
kisha, chini ya mfereji wa tatu,
tarakimu zikaruka kama panzi.
Mfereji wa tatu unatoka shambani kwa Eevertti,
kaka yangu.
Na aliyeuchimba ni mimi,
nina miaka kumi na minne, koleo limenizidi urefu,
baba amesimama ukingoni:
Ndani zaidi, Aulikki. Maji yatoke upesi.
Yalitoka upesi.

Nilikaa na chupa mapajani,
lebo bado tupu.
Shahidi alikuwa ng'ombe mmoja, anatafuna.
Nikaandika jina la mfereji, saa, na tarehe.

Majira yote ya baridi Eevertti hakunisalimu.
Krismasi alinitumia viazi kwa mkono wa mwanawe.
Mezani pa mkoa nikaitandaza ramani,
nchi tisa zimekaa kuizunguka bahari moja
kama ndugu kwenye mirathi,
kila mmoja akihesabu kilichochukuliwa na mwingine;
na ile nukta nyekundu, ndogo kuliko tembe ya shayiri,
nilijua nyuma yake kuna banda la kijani
na kiatu cha baba kinachozuia mlango hadi leo.
Mjumbe mmoja akauliza: hiyo ni ya nani?
Nikasema: ya kwetu.
Mkalimani alitafsiri neno moja tu.
Sijui alichagua lipi.

Oktoba, malori yakaleta jasi.
Sikuyaagiza kwa jina la mtu; mkoa ulitangaza,
mwenye kutaka akajiandikisha.
Nilipita na gari nikaona shamba limekuwa jeupe
mwezi mzima kabla ya theluji,
na trekta la Eevertti linakwenda polepole,
mtu amekunja mabega
kama anayelipa deni ambalo hakulikopa peke yake.
Sikupiga honi.

Jana alikuja gatini bila kuitwa.
Akakaa mbele, mwenye boti ni mimi,
akaishika kamba kwa mikono yake ya shayiri.
Sahani ikazama: njano, kijani, kivuli.
Mita moja na robo tatu, ikanipotea.
"Naiona bado," akasema.
Akaachia kamba kidogo.
"Naiona bado."

Macho ya Eevertti ni mabovu kuliko yangu.
Sote tunajua.
Kwenye daftari niliandika kipimo changu.
Pembeni, kwa penseli, nikaandika chake.