Zamu

Kalunde amenibandika vibandiko saba
kuanzia pajani hadi muundini,
nyaya zinaning'inia kama mizizi ya mpunga uliong'olewa.
"Tembea, Mzee Mihambo. Kawaida tu."
Kawaida!
Miaka thelathini na mmoja nimehesabu mataruma
kutoka Tabora hadi Urambo, nyundo begani,
sikuwahi kuuliza mguu unafanyaje.

Naenda kwenye korido ya Kitete. Kioo kinachora.
Paja linaamka kabla kisigino hakijagusa sakafu.
Kabla,
kama mlinda ishara wetu
aliyekwisha shusha mkono wa mnara
treni ikiwa bado ni mlio tu.

Kisha paja hulala. Zamu ni ya chafu:
linazuia mwili usitangulie,
linangoja, linangoja,
ndipo linaisukuma ardhi nyuma, pa!
na kuzimika.
Mguu unapita hewani karibu bure,
unabembea wenyewe.

"Ila hapa," anasema Kalunde,
kidole kwenye mstari ulionyooka bila nundu,
"huyu ni muundi. Ndio wa kuinua vidole.
Hauitiki."

Kumbe ndiyo maana kiatu cha kulia
kimelika ncha.
Ndiyo maana Nyanzala hunitambua nikiwa bado kwa jirani:
kwaruu, kwaruu,
akaweka maji ya ugali.

"Tena."
Navuta vidole kwa mawazo, kwa hasira,
kwa jina la mama.
Mstari umetikisika.
Kidogo mno,
kama reli
treni ikiwa bado Usoke.