Mgeni wa Mabibo

Mwaka ule banda lilinyamaza kwa siku tisa.
Majike manne, vitoto havijatimiza wiki mbili,
masikio yameiva rangi ya zambarau.
Tukawafukia nyuma ya mikorosho, chokaa juu.

Leo, Nachingwea, mabibo yanaoza chini,
na mtego wa Chilumba umenasa nguruwe pori:
dume, singa nyekundu, mdomo wanuka uraka.
Daktari Hokororo akamdunga usingizi,
akavuta damu, mirija miwili.

Tukangoja. Damu ikajitenga:
chini giza, juu maji ya manjano.
"Humu mna kingamwili.
Alikutana na kirusi kile, kikamwachia."

Kikamwachia!
Mimi niliyechoma hata ndoo za pumba!
Na huyu, mwizi wa mihogo yangu,
anatembea na daftari mwilini,
adui kaandikwa humo kwa jina.

Nikauliza chanjo.
Akafunga boksi la barafu, taratibu.
"Bado, mama. Tunaitafuta humu humu."

Dume likazinduka, likayumba kama mlevi,
likapita mbele ya banda tupu
bila kugeuza shingo.

Jiwe nilikuwa nalo mkononi.